Mbili, Kimya, Mbili

Taa ya injini iliwaka Jumanne, nikivuka reli kuelekea Isevya,
rangi ya chungwa lililoiva upande mmoja,
na Karina yangu ya mwaka tisini na tano
ikaanza kunywa mafuta kama mgeni asiyeaga.

Fundi wa Kachoma aliinama, akanusa, akajipangusa mikono.
"Mama Kalunde, tubadilishe plagi, koili, pampu,
tukimaliza hapo tutajua."
Tutajua nini?
"Tutajua kwamba haikuwa hivyo."

Basi nikaenda kwa Hilali, nyuma ya soko,
kutafuta kitu cha kuniambia ukweli kwa mshahara wa mwalimu.
Alipanga vifaa vitatu juu ya kioo, taratibu, kama muuza pete.
Cha kwanza cha buluu, kidogo kama kiberiti,
elfu ishirini na tano, huzungumza na simu.
Cha pili kina skrini yake na waya mnene, elfu tisini.
"Hiki hakili bando," alinong'ona,
kana kwamba bando lilikuwa linatusikia.
Cha tatu kilikuwa na sanduku lake.
Sikuuliza bei.
Kitu chenye sanduku lake hununuliwa na wenye gereji
au wenye mashaka makubwa kuliko yangu.

Rahisi huvunja upishi, mama alizoea kusema,
lakini mama hakuwahi kuwa na gari.
Nikachukua cha buluu.

Usiku nikakichomeka chini ya usukani, tundu likakipokea vizuri tu.
Simu ikazungusha kiduara chake, ikazungusha,
ikaandika: *Gari halijapatikana.*
Nami nimekaa ndani yake!

Kwa jirani yangu Msabila, mwenye Ist,
kilisoma kila kitu kabla hajamaliza kukohoa,
kikamtolea makosa manne
aliyokuwa akiishi nayo kwa amani.

Asubuhi Hilali hakucheka, namshukuru.
"Gari lako lilizaliwa kabla ya lugha hii," alisema,
akakata kipande cha waya wa shaba, urefu wa kidole,
akakataa hela.
"Fungua boneti. Kuna kiboksi cheusi, kifuniko kina maandishi.
Unganisha TE1 na E1. Hayo tu.
Ukikosea tundu, utakuja kununua kompyuta, na mimi siuzi.
Kisha washa swichi bila kupiga stata,
uhesabu."

Kuhesabu ninajua.
Baba alikaa miaka kumi na tisa kwenye chumba cha simu pale stesheni,
akipokea habari za mabehewa kwa mlio:
mfupi, mrefu, mfupi.
Alitugongea mezani kwa kijiko, ugali ukipoa,
akasema watu husikia mlio wakasahau kimya,
na kimya nacho ni herufi.

Taa ikakonyeza mara mbili.
Kimya.
Mara mbili.
Kimya kirefu, mtu akapita na baiskeli ya mkaa, akanitazama.
Mbili tena. Kimya. Mbili.

Ishirini na mbili: kihisi cha joto la maji.
Yaani gari langu, hapa Tabora, mwezi wa kumi,
lami ikishika kandambili,
lilikuwa linaamini kuna barafu.
Lilijimwagia mafuta lipate joto
kama mwenye homa anayeomba blanketi la tatu
na wote chumbani wanatoka jasho.
Wiki nzima nimelitukana, kumbe lilikuwa linaumwa imani.

Kihisi nilikipata Cheyo, kwenye Karina iliyolala juu ya matofali,
elfu kumi na mbili baada ya kubishana.
Taa ikazima.
Waya naufunga kwenye leso, ndani ya droo ya dashibodi.
Cha buluu yuko nacho Msabila, hupima Ist kila jioni
kama mtu aliyeambiwa ana presha.

Kioo cha mlango wa kushoto bado hakipandi.
Kwa hicho hakuna taa,
nakivuta kwa viganja viwili, mvua ikianza.